Hewa Haina Adabu

Kila Julai, kona ya tatu juu ya Oxenhope,
mshale wa joto ulikuwa ukituaga.
Ulianza taratibu, kama mgeni anayetafuta viatu vyake mlangoni,
kisha, kufumba na kufumbua, uko kwenye nyekundu,
boneti inafoka mvuke kama chungu cha wali kilichosahauliwa,
na kondoo wa Yorkshire wanainua vichwa
kututazama kwa huruma ya wasiomiliki gari.

Enid Murgatroyd, miaka sabini na minane,
alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya skafu.
"Clifford naye alikuwa akisimama hapa hapa," alisema,
"nami hapa hapa nikimwambia: liuze."
Hakuliuza. Alikufa Februari,
akaliacha chini ya blanketi, na funguo ndani ya kikombe.

Mimi ni fundi wa mabasi, Keighley, zamu ya usiku.
Basi likichemka naambiwa: badilisha kifaa, litoke.
Hakuna anayeuliza kwa nini.
Triumph ya mwaka sitini na tatu haikubali hivyo.
Ina kwa nini, na nyuma ya kwa nini, kwa nini nyingine.

Basi nikachomoa thamostati,
nikaichemsha kwenye sufuria ya mayai ya Enid, kipimajoto mkononi,
nikaiona ikifumbua jicho lake la shaba kwa saa yake.
Haikuwa na kosa. Niliiomba radhi.
Nikaiosha rejeta kinyumenyume, mpira wa maji kutoka chini kwenda juu,
ikacheua kutu ya rangi ya chai kavu.
Nikafungua koki ya bloki, kule nyuma, kwenye silinda ya nne:
halikutoka tone.
Nikachokonoa kwa waya wa hanga,
mara tope likaja, jeusi, zito, bila haraka,
kama siri iliyokaliwa na ukoo mzima.

Nikadhani tumepona. Nikamwambia: vaa koti, twende.

Kona ya tatu. Mshale ukaanza kutafuta viatu.

"Fungua hita," nilisema.
"Julai hii?"
"Dawa ya moto ni moto."
Akavuta kitufe. Joto la injini likatumwagikia miguuni,
tukaibeba homa ya chuma kwa ngozi zetu wenyewe,
jasho likimtiririka Enid mpaka kwenye lulu za shingoni,
na anacheka, sijawahi kumsikia akicheka,
na mshale unasita,
unasita,
unakaa.
Tulivuka kilele tukiwa tumeiva nusu.

Lakini huko si kuponya. Ni kupokezana mzigo.

Usiku ule nikalala chini ya pua ya gari na tochi mdomoni.
Kati ya wavu wa mbele na rejeta, kushoto na kulia,
mwanya wa kupita paka.
Hewa haina adabu: ikiona upenyo wa pembeni
haipigi hodi mlango mkubwa.
Miaka yote imekuwa ikiingia, ikiizunguka rejeta,
ikienda zake bila kuigusa.

"Hapa palikuwa na nini?" nilimuuliza asubuhi.
Akaketi juu ya debe la rangi, akafikiri mpaka chai ikapoa.
"Kadibodi," alisema. "Mbili. Nyeusi.
Clifford alidhani ni za kufungia mzigo, akazitupa,
Krismasi ya sabini na moja. Nikaziokota.
Zikawa mbawa za Maureen. Alikuwa kunguru kwenye mchezo wa shule."

Alizikata upya mwenyewe, kwa mkasi wa cherehani,
kutoka kwenye boksi la mashine ya kufulia,
bila kipimo, bila kuuliza.
Mimi nilipaka lami tu, nikafunga skrubu.

Septemba. Kona ya kwanza, ya pili.
Mshale umelala katikati kama mtoto aliyeshiba.
"Simama hapa," alisema Enid.
"Lakini halichemki."
"Najua. Simama tu."

Kondoo wakainua vichwa.